Kuinuka Sijidani

Usiku wa kumi wa Ramadhani, tukiswali tarawehe na mamangu nyumbani kwetu Mkomani, Lamu, nilisujudu nikashindwa kuinuka. Mapaja yalikataa tu, kama si yangu. Nikashika mguu wa samadari nikajivuta. Mama alipotoa salamu akanigeukia: "Mwanangu, mimi mtu mzima nainuka. Wewe una nini?"

Miaka miwili nyuma nilikuwa nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, Nairobi. Tumbo lilifanywa kijifuko, utumbo ukaunganishwa chini zaidi ili chakula kipite njia ya mkato. Kilo 121 zikawa 78. Niliagizwa kumeza kalisiamu na vitamini D maisha yangu yote. Nilimeza mwaka mmoja, nikaacha. Nilikuwa napanda ngazi hadi darini bila kuhema, nikajiona nimepona.

Zahanati ya kwanza walisema ni baridi yabisi. Walipima kalisiamu kwenye damu, ikawa sawa, nikapewa dawa ya kuchua. Jambo hili linaniuma hadi leo, kwa sababu hakuna aliyeuliza juu ya tumbo langu. Kalisiamu ya damu haishuki upesi. Ikianza kupungua, vitezi vidogo vya shingoni hutoa homoni inayoichota mifupani. Damu ikaonekana nzima, kumbe mifupa yangu ndiyo iliyokuwa ikilipa.

Baada ya Iddi nilivuka kwa mashua hadi Mokowe, upande wa bara, nikapanda basi hadi Mombasa. Daktari, mwanamke wa makamo, alinibonyeza muundi kwa kidole gumba, taratibu kabisa, nami nikaruka kitandani. Akauliza hapo hapo: "Dada, umewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo?" Mifupa yangu ilikuwa imelainika, maana bila vitamini D ya kutosha mwili haufyonzi kalisiamu vizuri. Yangu kwenye damu ilikuwa nanogramu 9 kwa mililita, alitaka ifike 30.

"Na jua lote hili la Lamu?" mama aliuliza niliporudi. Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Ngozi yetu nyeusi inahitaji jua la muda mrefu zaidi, na mimi natoka asubuhi na jioni, ndani ya buibui, katika vichochoro ambavyo jua hufika chini saa sita tu. Nayo vitamini ya kumeza hufyonzwa pamoja na mafuta, na utumbo wangu umefupishiwa njia. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi dawa hizo nitakukumbusha mimi."

Nilipewa kidonge cha uniti 50,000 kila wiki kwa wiki 8, kisha cha kila siku. Kalisiamu ilikuwa ya sitreti, ambayo haihitaji asidi nyingi ya tumbo, nikiigawa mara tatu kwa siku, kwa saa tofauti na vidonge vyangu vya madini ya chuma. Mama aliviweka kwenye kikombe cha kahawa kando ya tende, na kila mchana alinipandisha darini, mikono wazi, tukipepeta mchele.

Asubuhi ya Iddi ya Mfungo Tatu tuliswali bega kwa bega. Nilipoinuka sijidani, mikono yangu haikutafuta kitanda. Mama aliona, alipotoa salamu alinishika goti, akalikanda kimya kimya.