Jinsi nilivyoondokana na maumivu ya muundi
Nilipokuwa nikijiandaa kwa Kilimanjaro Marathon hapa Moshi, muundi wa mguu wa kulia, yaani mfupa wa mbele chini ya goti, ulianza kuniuma kila niliposhuka kutoka kijiji cha Mweka mlimani, kwa kuwa nilikuwa nimeongeza mazoezi kutoka kilomita 30 hadi 55 kwa wiki kwa pupa. Mke wangu, aliyeniona alfajiri nikishika ukuta ili nitoke kitandani, alinisihi nipumzike, na alikuwa sahihi. Nilipumzika siku 10, kisha nikaanza upya na kilomita 20 kwa wiki, nikikimbia kwenye njia za udongo kati ya migomba badala ya lami. Na kila jioni, mwanangu akihesabu kwa sauti, niliinua na kushusha visigino kwenye ngazi ya baraza mara 15, mizunguko 3. Wiki ya 6 niliubonyeza mfupa kwa kidole gumba, haukuuma.