Siku moja na mstari wa 1,003

Saa mbili kasoro asubuhi. Southampton bado kuna giza, nami nishavaa miwani ya leza. Kazi yangu ni kumulika kitu kwa leza na kusoma mwanga unaorudi ukiwa umebadilika rangi: kila dutu huchora vilele vyake kwenye namba zake za wimbi, yaani kiasi rangi ilivyohama. Kwanza napima kipande cha silikoni: kilele chake lazima kiangukie namba ya wimbi 520, la sivyo vipimo vya siku nzima haviaminiki. Leo kimeangukia.

Ninachotafuta ni fenilalanini, ambayo mstari wake uko kwenye 1,003. Mtoto mwenye PKU, ugonjwa wa kurithi, hawezi kuivunja asidi amino hiyo. Hujaa kwenye damu na kuharibu ubongo, ilhali akianzishiwa lishe maalumu mapema hukua vizuri. Hapa Uingereza wachanga hutobolewa kisigino wakiwa na siku 5. Mama yangu, mkunga wa siku nyingi kule Tanga, kipimo hicho hajawahi kukishika. Ndicho kilichonileta huku.

Saa tatu, dhahabu. Maji yenye chembe zake ndogo mno niliyoyapika jana ni mekundu kama juisi ya rozela. Nikitia chumvi kidogo yanageuka zambarau: chembe zimesogeleana, na kwenye mianya yao mwanga hupata nguvu. Bila hiyo, ule mwanga uliobadilika rangi ambao Raman na Krishnan waliuona Calcutta mwaka 1928 ni hafifu mno, takriban chembe moja ya mwanga katika milioni 10.

Saa tano, maji matupu yananipa kilele kwenye 1,001. Moyo ukanipasuka. Maji yakitoa jibu la ugonjwa, sampuli zangu za juma zima zina shaka. Nikabadilisha maji, nikabadilisha glavu. Kilele kipo palepale. Saa saba, sijala, nikapima sahani yenyewe ikiwa tupu. Kikasimama kirefu kuliko vyote! Sahani ni ya polistirini, na plastiki hiyo ina pete ya kaboni kama ya fenilalanini, inayotanuka na kunywea kwa mdundo uleule karibu. Leza ilikuwa inapenya tone hadi chini.

Saa nane nikatandika foili ya alumini. Maji, kimya. Fenilalanini, 1,003, peke yake. Nilikaa nikiutazama ule mstari.

Jioni ilikwenda kwenye seramu, yaani majimaji ya damu. Protini za damu nazo zimebeba fenilalanini, kwa hiyo lazima zigandishwe kwa asidi na kuzungushwa zishuke chini kwanza.

Saa moja usiku mama akapiga.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Hilo tone litapimika lini wodini kwetu?”

“Bado, mama.”

Kesho saa tatu nimepangiwa mashine ya kushika mkononi. Foili nimeshaikata.