Kibada tulinunua barabara kwanza, nyumba ikafuata

Tangu tuhamie Kibada, huku Kigamboni jijini Dar es Salaam, kila anayekuja kutusalimia swali lake la kwanza ni lile lile, huku mlipapataje na mlilipa shilingi ngapi. Bei sitaitaja, hayo ni makubaliano yetu na aliyetuuzia, ila mengine yote nasema, sababu naona ndugu na marafiki wanavyopoteza hela za maisha yao kwenye viwanja vya mdomo mdomo na inaniuma kweli.

Tulikuwa tumepanga Mwananyamala, kodi miezi sita sita. Sina ubaya na Mwananyamala, watoto wangu wamezaliwa kule, na ukiugua usiku jirani anasikia kabla hujaita. Lakini wikiendi muziki wa kigodoro mtaani unapigwa mpaka alfajiri, mtoto ana mtihani Jumatatu hajalala, na nyumba zimebanana kiasi kwamba hata ukiita gari la zimamoto litaishia barabara kubwa. Mimi na baba watoto tukasema basi, tutafute pembezoni.

Sasa hapo kwenye pembezoni ndio pana mambo. Sensa ya 2012 Dar ilikuwa na watu 4,364,541, ya 2022 ikawa 5,383,728, yaani zaidi ya milioni moja wameongezeka kwa miaka kumi na wengi wamekwenda huku nje ya mji. Kila mahali shamba linakatwa vipande, ishirini kwa ishirini kwa hatua za miguu, mwenye shamba anauza mpaka kipande cha mwisho na barabara inakuwa ile njia iliyobaki kama imebaki. Ukienda leo unaona mikorosho, ndege wanalia, dalali anakwambia dada huku kumetulia sana, ni kweli kumetulia ila ni sababu watu hawajajenga bado! Rudi baada ya miaka mitano, ukuta wa huyu umekula njia, shimo la choo la yule liko dirishani kwako, bajaji haiingii, na baa imefunguliwa nyumba ya tatu maana hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba baa isikae hapo.

Kibada ni tofauti na sio kwa bahati. Iko kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 wa miaka ya 2000 mwanzoni, pamoja na Tuangoma, Gezaulole, Mivumoni, Mbweni, Bunju na kwingineko. Serikali ilipima kwanza, ikaweka barabara, sehemu ya shule, ya soko, ya wazi, ndio watu wakauziwa. Kwahiyo huu utulivu ulichorwa kwenye ramani kabla nyumba hazijajengwa. Mimi ndicho nilichotaka kununua, ile barabara na ule mpaka, nyumba hata ingekuwa mbovu fundi anarekebisha, lakini fundi gani atakuongezea barabara?

Alafu watu walikuwa wanaikwepa Kigamboni. Mwaka 2008 kulitangazwa mpango wa mji mpya, watu wakaishi miaka hawajui wataendeleza au watahamishwa, ndio maana ukizunguka bado utaona maboma, nyumba ambazo hazijamaliziwa, yameota majani ndani. Na kuvuka maji kwenda mjini ilikuwa pantoni au uzunguke Kongowe. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa 2016 hesabu zikabadilika.

Haya, kununua. Nyumba tuliipata kwa dalali, ya mzee mmoja mstaafu aliyehamia Korogwe na mkewe, imeshapauliwa, vyumba viwili havina plasta, grili zimeliwa na kutu ya upepo wa bahari. Mzee ana hati kabisa mkononi. Wengi wakiona hati wanatoa hela, jamani hati ni karatasi, mtu anaweza kuwa nayo na bado kuna zuio au mkopo wa benki juu yake. Tukamchukua wakili akaenda kufanya sachi, yaani kukagua kumbukumbu za kiwanja, kwa Msajili wa Hati, jina ni lake, hakuna deni. Tukaomba risiti za kodi ya ardhi, maana hilo deni halimfuati mtu, linakaa na kiwanja na utalirithi wewe. Tukamleta mpima ardhi akatafuta bikoni zote nne, zile alama za mpaka wa kiwanja, moja ilikuwa imefukiwa na ua la jirani, ikachimbuliwa jirani mwenyewe akiwepo. Na tukasoma masharti ya hati, imebaki miaka mingapi, matumizi ni makazi au makazi na biashara, sababu kwa sheria yetu ardhi ni ya umma Rais ndiye mdhamini, wewe unapewa muda, 33, 66 au 99, na unauziwa ule uliobaki.

Pale nilipogombana na dalali ni kwenye saini ya mke. Hati ina jina la mzee peke yake, dalali ananiambia mama yuko mbali, mzee ameshakubali, tusicheleweshe. Nikamwambia kaka, wamekaa nyumba hii na wamelea watoto humu, bila bibi kusaini silipi hata mia. Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi, nyumba ya familia mmoja haiuzi bila ridhaa ya mwenzake. Lakini hata sheria isingesema, mimi ni mke wa mtu, nisingeweza kulala kwenye nyumba ya mwanamke mwenzangu ambaye hajaulizwa. Bibi akaja kwa basi, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, akakaa kwenye kiti cha wakili akasaini kila ukurasa taratibu. Alafu akaniambia upande wa jikoni nisipande mti mkubwa maana chemba ya maji machafu inapita hapo. Dalali asingejua hilo.

Hela ilipita benki, taslimu hapana. Ushuru wa stempu ni asilimia moja, na ile kodi ya faida ya mauzo kisheria ni ya muuzaji, elewaneni mapema na iandikwe kwenye mkataba, maana wengi wanamsukumia mnunuzi siku ya mwisho.

Maisha sasa. Usiku unasikia vyura na kwa mbali honi ya meli, watoto wanaendesha baiskeli barabarani na mimi niko jikoni sina wasiwasi. Maji ya bomba yamefika ila bado nina simtanki, kisima cha jirani kina chumvi, kinafulia tu. Kodi ya jengo inakatwa kwenye luku ya umeme, 1,500 kwa mwezi. Usafiri ndio gharama yenyewe, baba watoto anaamka saa kumi na moja, bajaji mpaka feri, pantoni 200, akichelewa foleni ya asubuhi inamla. Ukiwa na gari unapita darajani unalipia, iweke kwenye bajeti kabla hujahamia.

Kingine ni kuta. Kila mtu ana geti na ukuta mrefu, unaweza kukaa mwaka hujui jirani anaitwa nani, na hilo mimi silipendi hata kidogo. Utulivu wa namna hiyo ndio wezi wanaupenda. Tulipohamia nilibeba sahani za pilau nikagonga mageti, nikaingia grupu la wasap la mtaa, nachangia ulinzi shirikishi na misiba yote naenda. Nilitoka Mwananyamala kukimbia kelele, watu sikuwakimbia.

Na sio kila mtu Kibada inamfaa. Kazi yako ikiwa Posta, Kariakoo, bandarini au Temeke njoo, utafika. Kama ni Tegeta au Mwenge utakonda kwa safari, bora uangalie Mbweni au Bunju, kule nako kuna viwanja vya mradi huo huo, na sachi, bikoni na saini ya mwenza ni vile vile.