Maziwa ya unga, saa tisa usiku

Mdogo wangu wa mwisho anaishi Liège, kule Ubelgiji. Lubumbashi na Liège ni miji pacha, kwenye karatasi za mameya angalau, na yeye upacha huo ameuchukulia kwa moyo wote. Kila Jumapili baada ya misa ananitumia sauti ndefu kwenye WhatsApp kunipa habari za "mji wetu wa pili". Kwa kawaida ni baridi, bei ya sombe na mgomo wa treni. Jumapili moja ikawa tofauti.

"Yaya, huku bazungu banafungulia batu ba drogue nyumba! Unakuya na sumu yako, banakupa kiti, na muganga anakaa pembeni anakuchunga usikufe." Kisha kicheko, mpaka akakohoa.

Habari yenyewe ilikuwa imechacha. Chumba hicho cha Liège, cha watu wanaotumia dawa za kulevya, kipo tangu 2018, yeye ndiye aliyechelewa kukigundua. Lakini mimi sikucheka. Nilikuwa kwenye benchi la zahanati nachambua maharage, na maneno mawili yakanishika mkono: anakaa pembeni.

Niseme kidogo mimi ni nani, maana najua wengine mnapita hapa kwa ajili ya mapishi tu. Ni muuguzi, miaka ishirini na sita kazini, na nusu ya miaka hiyo nimekuwa na zahanati ya vyumba viwili nyuma ya nyumba yangu, Katuba, hapa Lubumbashi. Watu wananiita mama muganga. Siwakatazi.

Ilikuwa Julai ya mwaka juzi. Aliyekaa Lubumbashi anaijua Julai yetu: vumbi jekundu mchana, na usiku baridi ya kulala na soksi. Saa tisa usiku lango la bati likagongwa. Nikafungua nikamkuta mtoto wa miaka kumi na nne, pekupeku, anatetemeka.

"Mama muganga, kuya mbiyo. Yaya analala mubaya."

Analala mubaya. Nimesoma vitabu vya uuguzi kwa Kifaransa na sijaona maelezo yaliyo sahihi kuliko hayo.

Nyumba tatu kutoka kwangu. Kaka yake, fundi wa simu, ndiye aliyenibadilishia kioo cha hii simu ninayoandikia. Nilimkuta chali juu ya godoro, blanketi limevutwa hadi kidevuni, kofia ya sufu kichwani. Wenzake walidhani anasikia baridi. Pembeni ya mto kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, limeachwa wazi, kijiko kimesimama ndani, na kikombe cha maziwa mazito yenye mabonge, yamekorogwa kwa haraka na maji ya baridi. Maziwa yalikuwa yamekauka kwenye kona za mdomo wake na kuteremka shingoni. Kwetu sumu hutibiwa kwa maziwa, au mafuta ya mawese, au yai bichi. Hilo kila mtu analijua, na kila mtu anakosea. Mtu asiyejitambua hamezi. Ukimmiminia kitu akiwa chali, kinakwenda mapafuni.

Midomo ilikuwa na rangi ya jivu. Alikuwa anakoroma, na kati ya mkoromo na mkoromo kulikuwa na kimya ambacho mpaka leo nikikikumbuka nabana pumzi mwenyewe. Nilihesabu kwa saa ya simu: pumzi nne kwa dakika. Nikainua kope, mboni ilikuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji, na vidonge vya maumivu vya tramadol. Baadaye niliokota plakete mbili tupu za vidonge chini ya godoro.

Chumbani kulikuwa na vikombe vitano na mtu mmoja.

Nilimgeuza ubavu, nikasafisha mdomo kwa ncha ya kitenge changu, na nilipoona pumzi hazirudi nikaanza kumpulizia. Tramadol ni ya ukoo mmoja na morfini na heroini. Ikizidi, na hasa ikikutana na pombe kali, ubongo unasahau kupumua. Moyo bado unapiga, kwa muda. Muda huo ndio nafasi yote uliyo nayo: mtu mwingine apumue kwa niaba yake. Ipo pia dawa, naloksoni, inayoing'oa ile sumu kwenye kiti ilichokalia ubongoni na kukikalia yenyewe. Kwa heroini, mtu huzinduka ndani ya dakika chache; lakini naloksoni huisha nguvu kati ya nusu saa na saa moja na nusu, kwa hiyo hata aliyezinduka huwezi kumwacha. Kwa tramadol inasaidia nusunusu, maana tramadol ina njia yake nyingine na huweza kuleta degedege. Hiyo nusu nami ningeichukua. Sikuwa nayo. Wiki iliyofuata niliiulizia kwa jumla ninakonunua dawa, wakaniomba niwaandikie jina lake kwenye karatasi. Dawa iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kati ya kupuliza na kupuliza nikamwuliza mtoto walianza saa ngapi kuona analala vibaya. Akasema saa sita.

Saa sita mpaka saa tisa. Zahanati yangu iko nyumba tatu mbele.

"Banabishana, mama. Banasema kama anakufa hapa, polisi batatufunga shiye bote. Bakakimbia. Mimi njo nimebaki."

Kulipopambazuka pumzi zilikuwa zimefika kumi kwa dakika. Tukampakia kwenye pikipiki, hizi tunazoziita manseba, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kama gunia la unga. Hospitali sitaitaja. Walitaka amana kabla ya kitanda, hilo nalijua na nilikuwa nimeenda nayo. Maziwa yalimletea nimonia. Walimtibu siku kumi na mbili, na walimtibu vizuri, niseme haki. Kisha wakamzuia siku nyingine kumi na tisa kwa sababu ya deni. Mama yake anauza makala, yaani mkaa, kando ya barabara, na makala hayalipi haraka. Katika siku hizo mwenye sare alifika wodini kuuliza ni nani aliyemleta. Mgonjwa mwenzake akanitaja. Nilikwenda, nikajieleza, nikarudi nyumbani bila vocha zangu za mwezi. Tuliache hapo.

Basi ndiyo maana sikucheka na mdogo wangu. Nilikaa majuma mawili nasoma kwenye simu, usiku, umeme ukiwepo.

Ubelgiji wana sheria yao ya dawa za kulevya ya 1921, inayomwadhibu anayemrahisishia mwenzake kutumia, hata kwa kumpa chumba bure. Liège wakafungua mlango wakati sheria hiyo bado haijarekebishwa, yaani muuguzi wa pale alikaa pembeni bila kinga ya maandishi. Wafaransa walianza na maandishi. Sheria yao ya afya ya tarehe 26 Januari 2016 iliruhusu majaribio ya miaka sita, na mwaka uleule Oktoba wakafungua Paris, karibu na Gare du Nord, na Novemba Strasbourg. Baadaye wakaongeza muda. Majirani wa Paris walitundika mabango ya kupinga kwenye madirisha yao, na nawaelewa: mimi nina jirani mwenye spika za kanisa.

Kifungu chenyewe cha Wafaransa nilikisoma mara tatu. Mtumiaji anakuja na kitu chake mwenyewe, kituo hakimpi. Akiwa mle ndani, hashtakiwi kwa kukitumia wala kwa kukutwa nacho. Na mhudumu anayefanya kazi yake kwa utaratibu hashtakiwi kwa kumsaidia. Sindano safi, oksijeni, meza zinazopanguswa, hayo yote ni vyombo. Sheria yenyewe ni huo mstari unaosema: aliyekaa pembeni asiguswe.

Kwingine wamegombana sana juu ya mstari huohuo. Vancouver walifungua 2003 kwa kibali maalumu, serikali ya Kanada ilipotaka kukizima, Mahakama ya Juu ikakataa mwaka 2011, majaji wote tisa kwa sauti moja. Sydney kituo kipo tangu 2001 na hakuna aliyefia ndani. Marekani, jimbo la Rhode Island lilipitisha sheria 2021 kwa sharti kwamba baraza la mji likubali kwanza, wakati Philadelphia mwaka huohuo walishindwa mahakamani kwa sababu ya sheria ya 1986 dhidi ya wanaoweka nyumba za watu kutumia dawa za kulevya. California bunge lilipitisha, gavana akakataa kutia saini, 2022. Na jirani zetu wa Tanzania, bila chumba cha namna hiyo, tangu 2011 wanawapa watu methadoni, dawa mbadala wa heroini, hospitali ya Muhimbili: teja anakuja kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, anaondoka. Wao wana hata maneno, teja, arosto. Sisi tuna analala mubaya.

Niliyasimulia haya kwenye jumuiya yetu, na mama mmoja akaruka: "Sasa unataka kufungulia bana nyumba ya kunywea lutuku?" Nikamwambia nyumba za kunywea lutuku ziko tayari, tatu kwenye avenyu yetu, na moja ni ya shemeji yake. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akaniuliza mbele ya wote kama mimi mwenyewe sijawahi kuuza tramadol bila karatasi ya daktari.

Nimewahi. Miaka ya mwanzo niliuza kwa wachimbaji wenye maumivu ya mgongo, mmojammoja, kisha kwa wasio na mgongo wowote. Niliacha kwa sababu ya aibu, sikukatazwa na mtu.

Lakini swali lake la kwanza lina jibu. Hapana, sitaki kituo cha Liège kiletwe Katuba na kontena. Anayejidunga heroini hatari yake inakuja ndani ya dakika, kwa hiyo kumkalisha nusu saa chini ya jicho la muuguzi kuna maana. Anayemeza tramadol juu ya lutuku, kilele kinakuja baada ya saa mbili au zaidi, akiwa keshafika kwake na blanketi. Chumba chetu kingebidi kilaze watu mpaka asubuhi, chenye umeme usiokatika na wauguzi wanaolipwa, na hapa mimi na wewe tunaangaliana. Halafu ile sheria ya Ufaransa ni ya watu wazima tu. Ningefungua mlango wangu kwa sharti hilo, nusu ya wanaolala sokoni wangebaki nje, maana hawajafika kumi na nane.

Ninachotaka ni ule mstari peke yake, hata bila chumba. Na unapaswa kutoka Kinshasa, bungeni, kwa sababu sheria za jinai ni za taifa, Bunge letu la mkoa wa Haut-Katanga haliwezi kuuandika. Uandikwe kwamba anayemleta mtu aliyezidiwa, au anayebaki naye na kuita msaada, hatashikwa kwa kilichokutwa kwenye meza. Na kwamba mgonjwa hatazuiwa wodini kwa deni, nami niliyemleta nisitafutwe kama mwizi.

Mnajua kinachonichekesha bila furaha? Sheria yetu ya jinai tayari ina kifungu cha 66 ter, kinachomwadhibu anayeacha kumsaidia mtu aliye hatarini wakati angeweza kufanya hivyo bila hatari kwake. Wale vijana wanne wakikimbia, kifungu hicho kinawangoja. Wakibaki, kasho ya polisi, yaani mahabusu, inawangoja. Na hayo maneno "bila hatari kwake" ndiyo waliyokuwa wanabishania kwa saa tatu, ingawa hawajawahi kuyasoma. Mwaka 2021 Kinshasa ilipovamiwa na ile "bombé", unga unaosagwa kutoka kwenye mabomba ya moshi ya magari, tuliona polisi wakiwapanga vijana karibu mia mbele ya kamera. Picha hiyo ilifika Katuba kabla ya ushauri wowote wa kiafya. Kila kijana hapa anaikumbuka.

Fundi wangu wa simu sasa yuko Kasumbalesa, anatengeneza simu za madereva wa malori wanaongoja kuvuka mpaka. Bado anakunywa, aliniambia mwenyewe. Vidonge ameviacha, anasema, na mimi nimeamua kumwamini Jumatatu hadi Ijumaa.

Mdogo wake amebaki. Ana miaka kumi na sita, sauti imeshuka, na Jumamosi iliyopita alikuja na rafiki zake wawili. Nilikuwa nimemwomba. Nikatandika mkeka uani, nikalala chali na kilo zangu zote, nikawaambia mimi ni maiti mtarajiwa, nigeuzeni. Walicheka, kisha wakajaribu. Mkono huu wa mbali uje shavuni, goti lipande, vuta goti, mwili unakuja wenyewe. Mdomo uelekee chini. Hakuna maziwa. Hesabu pumzi dakika nzima, zikiwa chini ya kumi kimbia uniite, mmoja abaki. Mara ya tatu walinigeuza vizuri mpaka kilemba hakikuvuka.

"Ule anayebaki," akauliza mmoja, mdogo kuliko wote, bado ameshika goti langu, "kama polisi banakuya?"

Nikamwambia anigeuze tena, na safari hii asisahau mkono chini ya shavu.