Mawe ya uani kwangu hayatapakwa vanishi

Niseme msimamo wangu mapema. Sehemu kubwa ya pevingi na kuta za mawe hapa Moshi hazihitaji kupakwa kitu chochote, iwe vanishi, iwe sila (dawa ya kuziba vitundu), iwe ile dawa ya dumu inayouzwa kama kinga ya kila jambo. Na nyumba yangu iko Rau, penye miti, kivuli na maji mengi, ukoga unaota mpaka kwenye ngazi, kwa hiyo mtu asiniambie nasema haya kwa kuwa naishi pakavu.

Pevingi za mbele ya nyumba zimekwisha pangwa. Fundi wetu ni kijana mwenye mkono mzuri, anasawazisha mchanga mpaka raha kutazama, na alitaka kumalizia kazi kwa vanishi. "Mwalimu, tukipiga koti mbili inang'aa, maji hayaingii kabisa. Na ule ukuta wa mawe nao tuupige, upendeze." Nikamwomba aniachie kwanza nikasome, maana ninafundisha kemia na siwezi kununua kopo bila kujua linafanya nini.

Nilichokiona dukani ni kwamba makopo mengi yanaandikiwa watu wa nchi za baridi. Kinga ya kwanza wanayoitaja ni dhidi ya kuganda kwa maji. Hilo ni kweli kwao: maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakigandia ndani ya vitundu vya tofali yanalipasua kidogo kidogo kila majira ya baridi. Mtu wa Kanada ana sababu ya kulipia kinga hiyo. Sisi barafu yetu iko huko juu Kibo, kwenye mita 5,895, haishuki kuja kupasua pevingi za Rau wala za Njiro kule Arusha. Sababu yao kubwa kuliko zote kwetu haipo, na ukiiondoa unabaki na mambo matatu: weupe, ukoga na unyevu wa ukutani.

Weupe ndio unaowatisha watu wengi. Pevingi mpya inapigwa na mvua, ikikauka inatoa utando mweupe, na hapo hapo unaambiwa ni fangasi. Siyo fangasi. Saruji ikichanganyika na maji hutoa kalsiamu hidroksidi, yaani chokaa. Maji yanayopenya kwenye tofali huibeba chokaa hiyo mpaka juu, inakutana na kaboni dioksidi ya hewani na kugeuka kalsiamu kaboneti, ambayo ni nyeupe na haiyeyuki kirahisi. Wanafunzi wangu wanaifanya kemia hiyo hiyo maabara wanapopuliza pumzi kwa mrija kwenye maji ya chokaa mpaka yanakuwa kama maziwa. Chokaa iliyo huru ndani ya tofali ina mwisho wake, na mvua na ufagio mgumu huondoa weupe kadiri misimu inavyopita. Lakini ukiharakisha kupaka vanishi, weupe unabaki umefungiwa chini ya utando, hata ufagio haufiki. Na asidi ya haidrokloriki ambayo mafundi wengine huimwaga ili kung'arisha inakula chokaa na saruji pamoja. Tofali linatoka safi leo, kesho uso wake una vitundu vingi zaidi na linanyonya uchafu kuliko mwanzo.

Ukoga nao haujali vanishi. Unachotaka ni kivuli, vumbi lililotuama na unyevu usiokauka, na vyote hivyo vinapatikana vizuri tu juu ya utando wa plastiki. Tumepunguza matawi ya mparachichi upande wa mashariki ili jua la asubuhi lifike chini, tunasugua kwa brashi na sabuni, na fundi amerekebisha mteremko wa pevingi ufike sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mfereji. Mabadiliko yameonekana. Halafu kuna jambo ambalo kwangu halina mjadala: mama mkwe wangu anatembea na mkongojo. Vanishi inayojenga utando juu ya tofali huteleza ikilowa. Siwezi kuweka kitu cha kung'aa njiani kwake ili wageni wasifie uwanja.

Sasa ukuta, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo ninapoona pesa nyingi zikipotea mjini kwetu. Kiwanja chetu kimeinama, kwa hiyo ukuta wa mawe meusi ya volkano upande wa juu umeshikilia udongo. Mvua za masika, kuanzia Machi mpaka Mei, zinaujaza udongo huo maji, na maji yanaingia ukutani kwa nyuma. Uso wa mbele ndipo yanapotokea na kukaukia. Ukipaka vanishi mbele umeziba mlango wa kutokea huku wa kuingilia ukiwa wazi. Jua likipiga, unyevu unasukuma utando, unatoa malengelenge, unageuka mweupe kama ukungu, kisha unabanduka vipande. Hiyo ni hasara ya macho tu. Mbaya zaidi ni chumvi: maji yakikaukia nyuma ya utando badala ya juu yake, chumvi hugandia humo humo, fuwele zinakua na kuusukuma uso wa jiwe laini au udongo wa saruji wa kwenye maungio mpaka unamung'unyika.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, una somo lilelile kwa sura nyingine. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zinazovuta unyevu na kuutoa. Pale zilipokandikwa kwa saruji ngumu badala ya chokaa, unyevu ulibaki ndani na kuta zikaoza chini ya plasta inayoonekana nzima. Zilidumu miaka mingi kwa sababu zilikuwa zikipumua.

Kwa hiyo fedha ya vanishi imekwenda kwingine. Fundi ametoboa matundu ya kutolea maji chini ya ukuta, ameweka vipande vya bomba na kokoto nyuma yake, na juu ameupa ukuta kofia ya zege iliyojitokeza nje kidogo ili mvua idondoke mbali badala ya kuchuruzika kwenye mawe. Alianza kwa shaka, lakini maji yalipotoka kwenye matundu baada ya mvua ya kwanza alikuja kuniita mwenyewe. "Mwalimu, njoo uone yanavyomwagika!"

Kuna mahali pamoja ambapo nimekubali kupaka. Chumba cha watoto kina ukuta wa tofali za kuchoma usio na plasta, unaopigwa na mvua ya upepo waziwazi, na ndani unyevu ulikuwa unaonekana. Ukuta huo una nailoni ya kuzuia unyevu wa chini kwenye msingi, hauegemei udongo, na maungio yaliyokuwa yamelika tumeyajaza upya kwanza. Mvua inaingia kwa mbele peke yake, basi huko kinga ina kazi. Nimechagua dawa ya silani na siloksani, ambayo haijengi utando. Inaingia ndani ya vitundu na kuvifanya vikatae maji, huku mvuke ukiendelea kutoka. Tofali haling'ai wala halibadiliki rangi, na fundi hakufurahi sana kwa hilo. Itapakwa wakati wa kiangazi, ukuta ukiwa umekauka kabisa, na baada ya miaka kadhaa itahitaji kurudiwa.

Dawa hiyo hiyo inazuia maji, haizuii mafuta. Usiipake maegesho ukidhani oili ya gari haitaingia. Mwaga mchanga mkavu au unga wa mbao mara oili inapodondoka, kisha sugua kwa sabuni. Kama unapanga pevingi za kupitisha gari, gharama yako iweke kwenye unene wa milimita 80 badala ya 60 na kwenye kushindilia vizuri kifusi cha chini, maana maegesho mengi yanaharibika kwa kutitia.

Kabla hujakubali kupakiwa dawa yoyote, mwagia tofali kavu maji kidogo utazame. Yakikaa juu kama matone, halihitaji chochote. Yakizama haraka, jiulize kwanza maji yanayokusumbua yanaingilia upande gani. Zege jipya lipe angalau siku 28. Na kama ukuta wako wa mawe umeshapakwa vanishi na inabanduka, usiongeze koti nyingine juu yake. Tafuta kwanza maji yanakotokea nyuma, yape njia, halafu ile iliyobaki uibandue kwa brashi ya waya taratibu msimu wa kiangazi.