Kichwa Dirishani

Kaka ndiye aliyeipiga runinga kofi. Kinanda kilisikika vizuri, ila watu walikuwa wakifungua na kufumba midomo bila neno kutoka, na runinga ya mjomba tulishaizoea: ikileta ukorofi, dawa yake kofi la ubavuni. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Iacheni, haijaharibika. Enzi hizo filamu zilikuwa bubu."

Ilikuwa Tanga, likizo ya Desemba mwaka 1993. Mjomba alikuwa baharia, na kila akishuka melini begi lake lilikuwa na kanda mbili tatu za video zilizoviringishwa kwenye mashati. Hii ilikuwa ya Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa enzi za filamu bubu: *Steamboat Bill, Jr.*, ya mwaka 1928. Mwanzo wake ulinipita. Nilikuwa nasubiri watu wapigane. Kisha kikaja kimbunga. Nyumba zinabomoka, na yule bwana mfupi kasimama ameduwaa, nyuma yake nyumba ya ghorofa. Ukuta wote wa mbele ukamwangukia, mzima mzima. Akabaki wima. Dirisha la juu lilikuwa wazi, likampitia kama kanzu inavyopita kichwani.

Tuliirudisha kanda mara sita. Mjomba akasema ule haukuwa ujanja wa kamera: ukuta ulikuwa wa kweli, mzito wa kuua, na nafasi kati ya mwili wake na fremu ilikuwa inchi chache tu. Akatueleza pia kwa nini bwana yule hacheki. Alikulia jukwaani, baba yake akimrusha huku na huko mbele ya watazamaji, akagundua angali mtoto kwamba akicheka yeye, wao hawacheki.

Kesho yake tulikuwa uani kwa bibi. Ubavu mmoja wa bafu lake la makuti ulikuwa umelegea, nguzo zimeoza chini. Kaka akaona ukuta. Mimi, kwa akili zangu za wakati ule, nikaona dirisha. Tukakata tundu kwa panga usawa wa kichwa changu, tukahakikisha mabega yanapita. Nikasimama hatua moja mbele yake, uso nimeukausha. Kaka akazunguka nyuma, akasukuma.

Kosa letu leo ningeweza kulichora. Ukuta ukianguka kutokea shinani, dirisha lake hutua mbali sawasawa na lilivyokuwa juu: likiwa futi kumi kwenda juu, nawe simama futi kumi kutoka ukutani. Ndiyo maana dirisha la Keaton lilikuwa la ghorofani, naye alisimama mbali na nyumba. Sisi tulipima upana, umbali hatukuupima. Kichwa kilipita, ukingo wa chini wa tundu ukanidaka kifuani, nikakaa chini puu, makuti yote juu yangu, kichwa peke yake kimechomoza. Kaka hakuwepo tena. Kwa kukimbia, hakuna mwigizaji aliyemfikia.

Bibi akatokeza na ndoo yake ya maji ya kuoga, khanga kifuani. Akasimama. Kifua kilikuwa kinaniwaka moto na machozi yalikuwa karibu, lakini nikakumbuka maneno ya mjomba. Nikamtazama bila kupepesa, uso mkavu kabisa.

"Mume wangu," akasema taratibu, "umeona nachelewa, ukaamua kutangulia bafuni?"

Sikujibu. Nadhani ukimya ule ndio uliommaliza. Ndoo ikamponyoka, maji yakamwagika, bibi akaegemea mnazi akicheka kile kicheko chake kisicho na sauti, mabega tu yanatikisika.

Viboko vilikuja baadaye, vyangu na vya kaka, pamoja na siku tatu za kusuka makuti mapya. Vidole vyangu vilikatika kwa njiti kuliko kifua kilivyochubuka.

Jioni ile bibi akataka kuona kilichotutia wazimu. Mjomba akaisogeza kanda mpaka kwenye kimbunga. Ukuta ulipoanguka bibi hakushtuka. Alisema tu kwamba nyumba ile ilijengwa vibaya. Vumbi lilipotulia na bwana yule akaonekana kasimama palepale, ndipo alipoanza kutikisika mabega.

"Hapo," akamwambia mjomba. "Nirudishie hapo. Ukuta nimeuona, nataka uso wake."