Magauni ya Rangi Moja na Harusi za Watu

Mimi ni Mmennonite wa Mara ninayeishi Mwanza, na kila nikitaja kanisa langu naulizwa kama ndio wale wazungu wa magari ya farasi. Hapana. Wale ni Waamish, waliojitenga na ndugu zao mwaka 1693 wakamfuata Jakob Ammann, na koti zao hadi leo nyingi hufungwa kwa kulabu badala ya vifungo. Shina letu ni moja, Waanabaptisti waliobatizana wakiwa watu wazima kule Zurich mwaka 1525, lakini ingia Kanisa la Mennonite Tanzania Jumapili utakuta vitenge vya kila rangi, hereni na mawigi. Kwa hiyo nilipoamua kuvaa nguo za kawaida kabisa na kuishi kwa kiasi, hakuna aliyenilazimisha. Mchungaji wangu mwenyewe aliniita pembeni akaniuliza kama nyumbani kuna amani.

Nilimfuata bibi yangu. Wamisionari wa kutoka Lancaster, Pennsylvania, walifika Shirati, huko kwetu Mara, mwaka 1934, na wanawake wao walivaa gauni lenye kipande cha pili cha kitambaa juu ya kifua, na kichwani kofia ndogo ya neti nyeupe. Bibi alikua akiwaona. Ila alisema wazi kwamba kofia haikumbadilisha mtu. Kilichombadilisha yeye ni uamsho ulioingia Shirati mwaka 1942, ule ulioanzia Gahini, Rwanda. Watu waliungama hadharani, wakarudisha vya wizi, wakalipa madeni ya siku nyingi. Hadi anafariki, bibi alikuwa na gauni la shamba na gauni la ibada, kitambaa cheupe cha kichwa, na nyumbani mwake hamkuwa na kitu cha mkopo. Hilo la mkopo ndilo lililonivuta kuliko kitambaa.

Nilianza na kabati. Nguo zangu nyingi zilikuwa za mitumba kutoka soko la Mlango Mmoja, na mitumba ina tabia yake: kila kimoja hakikuumizi mfukoni, ndiyo maana vinajaa. Nilimwita mdogo wangu achague. Alichukua vizuri vyote bila haya, vilivyobaki vikaenda kanisani.

Kisha nikaenda kwa fundi. Nilitaka gauni moja lirudiwe kwa rangi tofauti: bluu iliyoiva, kijivu, kahawia. Pamba tupu, kola ndogo, mikono ya robo tatu, vifungo mbele hadi kiunoni, urefu wa kushuka chini ya magoti, na mifuko miwili mirefu ya kuingia mkono mzima. Fundi alinipima kimya, akaandika kwenye daftari, halafu akashindwa kuvumilia.

"Dada, hata lesi kidogo hapa shingoni?"

"Hapana, fundi."

"Basi nikuwekee marinda nyuma, usionekane kama una msiba."

Tulikubaliana marinda mawili, kwa sababu alikuwa na hoja: bila marinda nisingeweza kupanda daladala. Mtu asikudanganye kwamba nguo ya kawaida ni nguo rahisi kushona. Isiyo na urembo haina pa kuficha pindo lililokwenda upande, na fundi wangu alifumua kola ya kwanza mwenyewe bila kuambiwa. Bei ya ufundi ikawa juu kuliko niliyozoea, na sikubishana. Ushauri wangu kwa atakayejaribu: nunua kitambaa chote kwa siku moja, duka moja, maana ukirudi baadaye rangi ile huipati tena.

Nywele nilikata fupi, na Jumamosi zangu zikarudi. Wanaosuka wanajua ninachosema. Pete ya ndoa nimeibakiza. Wamisionari wale wa mwanzo hawakuvaa pete, lakini mwanamke asiye na pete mjini hapa anajibu maswali kutwa nzima, na mimi nilitafuta utulivu. Makonda wa daladala sasa wananiita mama mchungaji, na wachache wananipisha siti.

Jambo moja linaniudhi bado. Paulo anasema wanawake wajipambe kwa "mavazi ya kujisitiri, pamoja na adabu nzuri, na moyo wa kiasi", na aya hiyo wanaume wa kanisa wanaijua kwa kichwa. Wanaihubiri wakiwa ndani ya suti ya vipande vitatu. Huo moyo wa kiasi sijaona umeandikiwa jinsia moja. Mume wangu nilimwambia hivyo hivyo, akacheka, ila gari alilokuwa anataka kulikopea alilisogeza mbele.

Hayo yote yalikuwa mepesi. Kazi ilikuwa harusi.

Binti wa shangazi yangu aliolewa, na kamati ikatangaza sare: kitenge cha rangi ya chungwa kwa wanawake wote wa ukoo, na kingine cha sendofu. Kwa hesabu ya haraka, kitambaa, ufundi na viatu vya kuendana vilizidi mchango wenyewe, kwa nguo ambazo hakuna anayezivaa mara ya pili. Kukaa kimya kisha kutokea na gauni langu la bluu kungekuwa kumwaibisha shangazi mbele ya wakwe. Nilimfuata nyumbani kwake mapema, kabla vitambaa havijagawiwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nimeshasikia. Unataka kutuonyesha wewe ndiye mtakatifu?"

Nilimwekea mezani bahasha mbili: mchango wa kadi, na fedha ambayo ningenunulia sare zote mbili. Nikamwambia sare sivai, lakini fedha yake ni ya mwanao, na mimi nipangie kazi popote pasipo na kamera. Alihesabu bahasha ya pili taratibu. Akasema kama ni hivyo nikasimamie jikoni, kwa sababu wapishi wa kukodi wanaiba nyama.

Nikasimamia jikoni. Nyama ilitosha, jambo ambalo katika ukoo wetu linakumbukwa kuliko rangi ya kitenge. Kwenye picha ya familia shangazi mwenyewe alinivuta mkono nikasimame, bluu peke yangu katikati ya machungwa, na mashangazi wengine wakanong'ona walivyotaka. Tangu hapo kamati zikinipigia simu huuliza moja kwa moja kuhusu jikoni.

Binti yangu ana miaka 13 na anapenda hereni. Sijamvua. Babu zetu wa imani walikataa kubatiza watoto wachanga, na sioni ninavyoweza kumvika yeye uamuzi wangu. Tumekubaliana anunue kwa akiba yake, asikope kwa rafiki. Wiki iliyopita alikopa.